Usemi Hai

Erasto Kihwele alikohoa mahali pazuri. Hakukohoa mwanzoni, ambako kila mwoga hukohoa, wala hakukohoa kabla ya kulitaja jina la marehemu. Alikohoa katikati ya neno "geti", akalimeza nusu, akalirudia vibaya, kisha akaendelea. Kwenye safu ya mwisho ya ukumbi wa Baraza la Usemi, mjini Iringa, Atupakisye Mwaisaka alikisikia kikohozi kile akajua kazi yake imekwisha. Hakumfundisha Erasto kukohoa. Alimwambia tu atafune karanga kavu nje ya ukumbi na asinywe maji.

Erasto alikuwa na kiwanda cha mbao Mafinga. Alikuwa akilieleza Baraza kwamba alimkuta mtoto Sifa, wa miaka tisa, akiokota mabanzi ya kuni uani kwake, akamkaripia, akamtoa nje. Kama baadaye mtoto alirudi akajificha kwenye chumba cha kukaushia mbao, na mlinzi akafunga mlango, akafungulia mvuke na feni bila kutazama ndani, yeye angejuaje? Alisema "mtoto", kisha "binti", kisha "yule, Sifa". Aliyatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Ukutani, nyuma ya wajumbe watatu wa Baraza, namba ya Mizani, mashine ya kupima usemi, ilipanda taratibu ikasimama kwenye themanini na moja.

Sitini kwenda juu ilikuwa usemi hai, na usemi hai ulipokelewa kuwa kweli. Chini ya arobaini ilikuwa usemi wa kupangwa, na mlalamikaji aliyeangukia huko aligeuka mshtakiwa kwa kosa la kusingizia. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu Mizani iletwe, na wajumbe walikuwa wameacha kuwatazama watu usoni. Walitazama ukuta, wakaandika namba, wakatia sahihi.

Akafuata Vumilia Chengula, mama wa Sifa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta la shule la kiume lililokatwa nembo. Alisimama wima akasema, "Siku ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, saa kumi na robo jioni, nikiwa natoka kisimani na ndoo mbili, nilimwona Bwana Erasto Kihwele amemshika mwanangu Sifa mkono wa kushoto." Aliyatamka maneno moja moja, yote kwa uzito mmoja, kama anayehesabu vyombo. Alieleza kwamba alimsikia Erasto akisema, leo utakaa mle mpaka ujue mbao ni za nani. Alieleza kwamba geti lilifungwa akiwa hatua ishirini kutoka hapo, kwamba alikimbia kumtafuta mwenyekiti wa mtaa, hakumkuta, akarudi saa kumi na mbili, akaambiwa na mlinzi kwamba mtoto ameshaondoka. Kwamba alizunguka ukuta wa kiwanda akiita. Kwamba Sifa alipatikana asubuhi.

Hakulia. Namba ilipofika thelathini na nne ikasimama, aliitazama bila kuelewa, kisha akamgeukia karani kama anayeuliza kama amekosea mahali.

Atupakisye aliondoka kabla ya kikao kufungwa. Wakati wa mazoezi kulikuwa na sehemu moja tu ambayo Erasto hakuhitaji kuitafutia maneno. Alikuwa amesema kwamba mlango wa chumba kile ni mgumu, lazima uusukume kwa bega ndipo komeo liingie. Alilisema hilo haraka na kwa wepesi, kama mtu anayesimulia jambo la juzi. Atupakisye akamwambia sehemu ya mlango aiache. Hakumuuliza neno. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kumuuliza mtu kama ni kweli.

*

Siku ya tatu Vumilia alikuja kwake. Atupakisye alikuwa na vyumba viwili karibu na soko, kimoja cha kuishi, kimoja cha kufundishia, na watu wote walimwita Mwalimu Atu. Vumilia alikataa kiti mpaka alipomaliza alilolijia.

"Wewe ndiye uliyemfundisha Erasto," alisema.

"Ndiye mimi."

"Basi nifundishe na mimi."

Kisheria alikuwa na nafasi moja zaidi, mizani ya pili, ndani ya siku thelathini. Akishindwa kufika sitini, miaka miwili gerezani. Alimweleza hayo Mwalimu Atu bila kumlaumu, na kukosa lawama kule kulimchoma Atupakisye kuliko matusi. Akamwambia akae. Akawasha kipimo kidogo cha mazoezi kilichokuwa mezani, akamwambia asimulie.

Vumilia akasimama wima. "Siku ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, saa kumi na robo jioni, nikiwa natoka kisimani na ndoo mbili..."

Ilikuwa ile ile. Pumzi zilikuwa mahali pale pale. Atupakisye alimrudisha mara tatu, na mara zote tatu neno "kushoto" lilishuka kwa kiasi kile kile. Akamuuliza ameshaisimulia habari hii mara ngapi. Vumilia alihesabu kwa vidole: polisi mara sita, ofisi ya kata, ustawi wa jamii mara mbili, mwandishi wa gazeti, wakili, wanamaombi. Pamoja na Baraza, mara kumi na tatu. Mwanzoni, alisema, alikuwa anaisimulia inavyokuja. Lakini kituoni walimwambia, jana ulisema saa kumi, leo unasema saa kumi na robo, unatudanganya? Jana ulisema mkono, leo bega? Basi akachagua maneno akayashika. Kila jioni aliyarudia jikoni peke yake, asije akakosea hata moja, kwa sababu aliona kukosea neno moja ni kumpoteza Sifa mara ya pili.

Atupakisye alimweleza kwa maneno mepesi jinsi Mizani inavyosikia. Haitafuti uongo. Haijui uongo ni nini. Ililishwa sauti za watu waliorekodiwa bila wao kujua, sokoni, saluni, kwenye simu, maelfu kwa maelfu ya saa, mpaka ikajua mtu anayetoa maneno yake moyoni yanakuwaje: anavuta pumzi mahali pasipo na mpango, anaanza sentensi asijue itaishia wapi, anajisahihisha, anarefusha irabu akiwa bado anafikiri. Mtu anayejua neno lijalo husikika kama anayesoma, na Mizani humhesabu kuwa anasoma. Erasto alipita kirahisi kwa sababu hakuwa na kitu cha kukumbuka. Kila neno alilitunga pale pale, na kutunga na kukumbuka kwa mara ya kwanza husikika sawa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumweleza, kwa aibu. Sauti zile zililetwa kutoka Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Vumilia alikuwa Mbena. Kiswahili alikipata shuleni na kanisani, na mpaka leo alikiongea kwa adabu, kama mtu anayekalia kiti cha mgeni. Hata angeomba chumvi kwa jirani, Mizani ingempa hamsini.

*

Walifanya kazi siku kumi na nane. Atupakisye alimpa ungo wa mchele achambue huku anasimulia, ili mikono ichukue nusu ya akili. Alimwambia aanze asubuhi Sifa alipopatikana arudi nyuma. Alimkatiza kwa maswali ya kipuuzi. Alimwambia aseme kwa hasira, kisha kwa kicheko, na Vumilia alijaribu kucheka, akacheka, na sauti ile ilikuwa mbaya kiasi kwamba Atupakisye alizima kipimo mwenyewe. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Siku moja arobaini na nne, kesho yake thelathini na sita.

Siku ya kumi na mbili Atupakisye, akiwa amechoka, aliuliza Sifa alikula nini mchana ule.

Vumilia aliinua macho kutoka kwenye ungo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Viazi," alisema. "Vya... vilikuwa vya jana. Nilimwambia aache viwili vya mdogo wake, akasema ataacha, halafu, sijui, nilirudi nikakuta ameacha kimoja. Na hicho amekiuma. Amekiuma kidogo pembeni, akakirudisha. Kama mimi sitaona."

Kipimo kilisoma themanini na nane.

Atupakisye aliruka kwenye kiti. Walikuwa wamepata mlango. Alimwambia aanze hapo, kwenye viazi, kisha aingie kwenye habari yenyewe. Walifanya hivyo asubuhi ile na mchana ule. Mara ya pili sabini na moja. Mara ya tatu hamsini na tano. Jioni Vumilia alisema "akakirudisha kama mimi sitaona" kwa sauti ile ile ya kuhesabu vyombo, akasikia mwenyewe, akafumba mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema baadaye, "sasa hata viazi vimekuwa maneno."

Atupakisye alisogeza ungo kando. Alikuwa amechukua kitu pekee ambacho yule mama alikuwa bado hajakigusa, akakitumia mpaka kikaisha.

Siku zilizobaki alitafuta kingine. Aliuliza kuhusu nguo, michezo, homa, meno yaliyong'oka. Kila kumbukumbu iling'aa mara moja ikafa. Ilipofika siku ya kumi na saba alijua kwamba Vumilia hatafika sitini kwa jambo lolote analolijua. Angefika tu kwa jambo asilolijua.

Wazo lile hakulitoa hewani. Zamani, akiwa na miaka ishirini na miwili, Atupakisye aliigiza michezo ya redio. Kulikuwa na sehemu ya kilio ambayo alishindwa siku nzima. Mwongozaji wao, Bwana Ngailo, mzee mpole aliyewaita wote wanangu, alimwita pembeni akamwambia simu imetoka Tukuyu, baba yake amefariki. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kilio kile kilichezwa redioni kwa miaka, watu wakizima majiko ili wakisikilize. Siku ya pili Ngailo akamwomba radhi, na baba yake akaletwa kwa basi mpaka studio, akasimama mlangoni na kofia mkononi, mzima. Atupakisye alimsamehe Ngailo nusu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyomfanya aache redio.

Alijiambia kwamba naye atafanya vivyo hivyo: atamwumiza kwa siku chache, halafu atamweleza. Miaka miwili gerezani ni mingi kuliko siku chache. Na kulikuwa na mtoto mwingine nyumbani, wa miaka minne. Aliyapanga yote hayo vizuri, na yote yalikuwa kweli.

*

Asubuhi ya mizani ya pili walikaa kwenye benchi la korido. Ndani, karani alikuwa akiita kesi iliyotangulia. Vumilia alikuwa akipitisha maneno midomoni bila sauti.

Kitu kimoja kilikuwa kimemshika mama yule akasimama miezi yote hii, na Atupakisye alikijua, kwa sababu aliambiwa mara nyingi. Daktari aliyeupima mwili alimwambia kwamba kwenye joto lile mtoto huzimia upesi, kwamba kufikia saa kumi na nusu Sifa alikuwa hajui tena lolote. Dakika chache, mama. Vumilia aliyashika maneno yale "dakika chache" kama wengine wanavyoshika rozari.

"Mama Sifa," Atupakisye alisema, "kuna... nilitaka nikuambie baadaye. Lakini si haki uingie humo hujui."

Vumilia aliacha kusogeza midomo.

"Yule mlinzi aliyetoroka. Amepatikana. Nimeongea naye juzi, yuko Makambako, anaogopa kuja. Anasema mtoto alikaa mle... alikuwa hai mpaka usiku. Alikuwa anagonga. Na ulipopita pale ukutani, ile saa kumi na mbili, ulipokuwa unaita." Akashusha sauti. "Alikuwa anakuitikia. Mlinzi anasema alimsikia anaitika, mama, mama, nipo huku. Wewe hukusikia kwa ajili ya feni."

Hakuna mlinzi aliyepatikana. Atupakisye alilisema kwa ufundi wote alionao, na alijisikia akilisema vizuri: pumzi ilikatika penyewe, neno "feni" lilimtoka kama ambalo hakutaka kulisema. Kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kusema jambo kwa sauti hai kuliko ile.

Uso wa Vumilia haukubadilika kwa muda. Kisha kinywa kikafunguka, na karani akatokea mlangoni akaita, "Vumilia Chengula."

Aliingia kwa sababu miguu ilikuwa imezoea kutii. Mbele ya wajumbe hakusema tarehe, hakusema saa. Alimtazama Erasto, aliyekuwa amekaa upande wa pili na wakili wake, akasema, "Wewe ulikuwa unajua? Kwamba ananiitikia?" Akaanza kusema jambo, akaliacha, akaanza jingine. Alisema nilipita pale, nilipita hapo hapo, nilikuwa na kandambili moja imekatika, nikasimama kuishika. Alisema nilisimama, mnasikia, nilisimama pale pale. Akaingiza Kibena, akarudi kwenye Kiswahili, akarudi kwenye Kibena. Halafu ikatoka sauti ambayo haikuwa lugha yoyote, na mjumbe wa kati, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, aliacha kutazama ukuta.

Tisini na sita.

Erasto alitakiwa kujibu lile swali, papo hapo, bila maandalizi. Alisema hakujua lolote, kwamba chumba kile kikishafungwa hakitoi sauti. Alitulia sana aliposema hivyo. Alikuwa anachunga kila neno. Thelathini na tatu.

Akapewa miaka kumi na mitano. Watu wa Mafinga waliokuja walishangilia nje ya ukumbi, wakamwinua Vumilia juu, naye alikuwa juu ya mikono yao kama nguo iliyoloa.

*

Sheria ilimpa Erasto siku ishirini na moja za kudai mlalamikaji apimwe tena. Atupakisye alijiambia kwamba siku hizo zikipita atakwenda. Akimweleza mapema, Vumilia akaitwa tena, sauti ingekuwa imekufa. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, akaikalia siku zote ishirini na moja. Ya ishirini na mbili alipanda basi la Mafinga.

Alimkuta Vumilia uani anafua. Alikuwa amekonda. Dada yake, aliyekuja kumsaidia na mtoto mdogo, alimvuta Mwalimu Atu kando akamweleza kwamba kila jioni, ikikaribia saa kumi na mbili, Vumilia huacha alichokishika akaenda kwenye ukuta wa kiwanda. Kiwanda kimefungwa, hakuna feni, hakuna mtu. Anasimama mahali fulani anaweka sikio ukutani. Halafu anasema, "Nimekusikia, mwanangu. Nipo." Anasema mpaka giza liingie. Mvua ikinyesha, anasema kwenye mvua.

Atupakisye alikaa juu ya kigoda mbele ya beseni la kufulia akasema yote. Hakuna mlinzi aliyepatikana. Hakuna aliyegonga. Alilitunga lile jambo kwenye korido ili alie mbele ya Mizani, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Daktari alisema kweli. Sifa hakumwita. Vumilia alipopita pale, Sifa alikuwa hayupo tena.

Vumilia alikamua nguo mpaka ikaacha kutoa maji.

"Sema tena," alisema.

Atupakisye akasema tena. Safari hii maneno yalikaa vizuri zaidi, na alijisikia yakikaa. Alifika kwenye "hakukuwa na njia nyingine" akaona kwamba amepumzika mahali pale pale alipopumzika mara ya kwanza. Akajaribu kupumzika mahali pengine. Hilo nalo alilisikia.

"Unasema vizuri, Mwalimu," Vumilia alisema. Hakukuwa na kejeli. "Lakini siku ile kwenye korido hukusema hivi. Siku ile maneno yalikuwa yanakutoka kwa shida. Nilikuona. Leo umejiandaa."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amejiandaa kwa siku ishirini na moja, kila siku akichagua maneno yatakayomwumiza mama yule kidogo kuliko mengine.

Atupakisye alimkumbusha cheti cha daktari. Vumilia alijibu kwamba daktari yule ni mtu mwema, alitaka kumpunguzia, watu wema husema hivyo kwa kila mfiwa. Kisha akasema jambo ambalo Atupakisye hakulitegemea.

"Kama ni kweli, kaliseme kwenye Mizani. Ikikupa sitini nitaamini."

"Mama Sifa, unajua itakuwaje? Ikionekana nilikutia maneno, kikao chote kinafutwa. Erasto anatoka, na hawezi kupimwa tena kwa kosa hilo."

"Atoke."

"Alimuua mwanao."

"Najua alimuua. Nilikuwepo." Vumilia aliweka nguo kwenye kamba, akainyoosha. "Akitoka ataishi, atakufa, mimi sina shida naye. Mimi nataka mwanangu awe amekufa haraka. Nitafutie hilo."

*

Atupakisye hakulala vizuri wiki nzima. Alijua kwamba akisema kweli mbele ya Mizani na Mizani ikamkubali, yeye atafungwa, na mtu aliyemsukumia mtoto mlango kwa bega atarudi Mafinga kuwasha feni zake. Alijua pia kwamba asipokwenda, mwanamke yule atasimama kwenye ukuta ule mpaka azeeke. Hakukuwa na upande ambao angeuonea huruma bila kuumiza wa pili. Mwishoni hakuchagua kwa hoja. Aliona tu kwamba hawezi tena kuvumilia saa kumi na mbili jioni, akajiandikisha.

Vumilia alikuja kutoka Mafinga akakaa safu ya mbele, ameshika mkoba magotini kwa mikono miwili. Atupakisye alikuwa ameamua kutotumia ufundi wowote. Hakutafuna karanga. Hakupanga pa kuanzia. Alitaka kusema tu, kama mtu yeyote.

Alifungua kinywa akagundua kwamba hajui namna hiyo. Kila pumzi aliyovuta alilijua jina lake. Akisita, alisikia kusita. Akiharakisha, alijua ni kwa nini watu huharakisha. Alisema, "Nilimdanganya mama huyu," na sentensi ikatoka safi, imekaa, kama ya redio. Akaanza kulia, na kilio kilikuwa cha kweli, na sikio lake likakipima likakikuta kimeingia mapema mno. Akajaribu kukizuia. Hapo kikasikika cha kuigiza kabisa. Alimwangalia Vumilia na kumwambia yeye, si Baraza, kwamba Sifa hakugonga, hakuita, naapa kwa Mungu hakuita.

Hakuhitaji kutazama ukuta. Mjumbe wa kati alisoma kwa sauti: ishirini na tisa. Usemi wa kupangwa. Akaongeza kwamba shahidi ni mwalimu wa usemi aliyewahi kumhudumia mfungwa Kihwele, na kwamba Baraza linaona wazi anajaribu kumwokoa. Hukumu ya Kihwele ilibaki. Atupakisye alipigwa marufuku kufundisha, akaambiwa arudi Jumatatu kusikiliza adhabu yake ya kusingizia.

Nje, Vumilia alimsubiri kwenye ngazi. Alimshika mkono akauweka kati ya viganja vyake, kama mtu anavyomshika mfiwa.

"Umejitia matatizoni kwa ajili yangu," alisema. "Nimeona ulivyokuwa unahangaika mle ndani. Ulitaka kunipunguzia, Mwalimu. Mungu atakulipa."

Atupakisye alitaka kusema neno. Alilipima kabla halijatoka, akaliacha.

Vumilia aliuliza saa. Aliambiwa ni saba kasoro. Akatia mkoba begani, akaeleza kwa haraka kwamba basi la saa saba likimwacha, linalofuata halifiki Mafinga kabla ya saa kumi na mbili, na mtoto ataita asipate wa kumwitikia. Akashuka ngazi akikimbia.